Uzi maalumu: CD-RW na DVD-RW kusomeka kompyuta moja na kukataliwa na nyingine

Mtunza_Kumbukumbu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Kuna swali linarudi humu mara kwa mara, na kila likirudi linajibiwa juu juu. Mtu ana CD-RW au DVD+RW, yaani diski inayofutika na kuandikwa upya, kwake inafunguka vizuri na mafaili yote anayaona. Akiiweka kwenye kompyuta nyingine anaambiwa aweke diski, ilhali diski imo ndani. Au inasoma, ila majina ya mafaili yamekatwakatwa. Au inaonyesha mafaili ya zamani tu, ya juzi hayapo. Wachangiaji wanamwambia diski mbovu, tupa, tumia flashi. Anatupa diski nzima, na pengine data ambayo hana nakala yake kwingine.

Bado kuna watu wanaozitegemea diski hizi. Kuna mashine za kupimia na za kukatia vyuma ambazo kompyuta zake hazina tundu la USB. Kuna wanaotunza kompyuta za zamani, na kuna wenye makasha ya picha na barua walizohifadhi miaka ishirini iliyopita. Hao ndio ninaowaandikia.

Msimamo wangu ni huu: mara nyingi tatizo haliko kwenye diski wala kwenye draivu. Liko kwenye namna diski ilivyoandaliwa siku ya kwanza. Ila huwezi kulisema hilo kwa uhakika kabla hujaondoa sababu za chini yake, na ya chini kabisa ni mwanga.

CD ya kiwandani inarudisha angalau asilimia 70 ya mwanga wa leza. CD-RW inarudisha asilimia 15 hadi 25 tu. Ndani yake hakuna vishimo vilivyogongwa, kuna tabaka jembamba la aloi, aghalabu ya fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Leza ikiliyeyusha kisha likapoa ghafla, chembe zake zinaganda ovyo na sehemu hiyo inafifia. Leza ikilipasha kiasi, takribani nyuzi 200, chembe zinajipanga upya kuwa fuwele na sehemu inang'aa tena. Huko ndiko kufuta na kuandika upya, na diski inastahimili mizunguko kama 1,000.

CD-RW ziliingia sokoni mwaka 1997. Draivu iliyoundwa kabla ya hapo haikutegemea mwanga hafifu kiasi hicho na haina namna ya kujiongezea nguvu ya kusoma. Inazunguka, inatafuta, inakata tamaa. Chama cha watengenezaji, OSTA, kilitoa mwaka huohuo kigezo cha MultiRead ili draivu mpya ziweze kuzisoma. Kwa hiyo ukiwa na draivu ya CD isiyo na alama ya MultiRead, ya katikati ya miaka ya 1990, usihangaike na programu. Mpe mwenye kompyuta hiyo CD-R, ile inayoandikwa mara moja tu, si CD-RW.

Kwenye DVD hali ni ya aina nyingine kidogo. DVD-RW inarudisha asilimia 18 hadi 30, na hicho ndicho kiwango cha DVD ya kiwandani yenye matabaka mawili. Baadhi ya deki na draivu za mwanzo zilipima mwanga huo, zikaamini zimepewa diski ya matabaka mawili, zikaenda kutafuta tabaka la pili ambalo halipo.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Deki za kwanza za DVD zenye leza moja tu ya nanomita 650 zilishindwa kusoma CD-R, kwa sababu rangi iliyomo kwenye CD-R imetengenezwa kwa ajili ya leza ya nanomita 780 na inameza mwanga wa 650. CD-RW, ambayo haitumii rangi hiyo, ilisomeka kwenye deki hizohizo. Kwa hiyo ile kauli kwamba CD-R inasomeka kila mahali kuliko CD-RW si ya kweli siku zote.

Naendelea chini kuhusu sesheni (kila awamu ya kuandika kwenye diski) na mifumo ya faili (namna mafaili yanavyopangwa na kuorodheshwa kwenye diski). Maswali yanakaribishwa.

---

Kiberenge

Mkuu heshima kwako. Draivu yangu ya zamani inasoma CD-RW zote bila shida, ila nimeletewa boksi la diski mpya zenye maandishi ya Ultra Speed na inagoma kabisa kuziandika. Zile za zamani inaandika. Hii nayo ni mwanga?

---

Mtunza_Kumbukumbu

Hapana mkuu, hiyo ni kasi. Kusoma na kuandika kwenye diski hizi ni mambo mawili tofauti.

CD-RW zina madaraja. Za kwanza ziliandikwa kwa 1x hadi 4x. Zikaja High Speed, ambazo utaona zimeandikwa 4x hadi 10x au 12x, kisha Ultra Speed zinazofika 24x. Aloi ya kila daraja imechanganywa kwa kasi yake: ya Ultra Speed inahitaji mapigo ya leza ya namna ambayo draivu ya zamani haijui kuyatoa. Draivu ya 4x haiwezi kuandika diski ya High Speed, na ya High Speed haiwezi kuandika ya Ultra Speed. Kusasisha programu ya ndani ya draivu hakusaidii hapo. Tafuta diski za daraja lake, au ziandike hizo mpya kwenye draivu mpya kisha uzisome kwenye hiyo ya zamani.

DVD+RW za 8x ndivyo zilivyo pia, draivu za 2.4x na 4x haziziandiki. Kabla ya kununua, soma nembo iliyo kwenye diski na nembo iliyo kwenye mlango wa draivu uzilinganishe. Inachukua nusu dakika.

---

Jicho_la_Faili

Asante kwa somo. Langu ni hili. Nina CD-RW niliyoiandaa kwenye Windows 7, nikawa naburuta mafaili na kuyaweka kama kwenye flashi. Kompyuta ya ofisini yenye Windows 2000, ambayo ndiyo inayoendesha kifaa chetu cha vipimo, inasema diski haijafomatiwa. Laptopu yangu inaisoma vizuri kabisa. Kompyuta hiyo inasoma CD nyingine zote, hata CD-RW tulizoziandika zamani. Nifanye nini?

---

Mtunza_Kumbukumbu

Dada, maelezo yako yamekamilika, na yanatupeleka moja kwa moja kwenye kiini cha uzi huu. Kama kompyuta hiyo inasoma CD-RW nyingine, basi mwanga si tatizo. Tatizo ni mfumo wa faili.

Siku ulipoiweka diski tupu, Windows 7 ilikuuliza unataka kuitumia kama flashi au kwa ajili ya kicheza CD na DVD. Uliposema kama flashi, iliifomati kwa UDF, tena toleo la 2.01 kama hukubadilisha chochote. UDF ni mfumo mmoja wenye matoleo mengi, na hapo ndipo watu wanapoangukia. Windows 98 inaelewa 1.02. Windows 2000 inafika 1.50. Windows XP inasoma mpaka 2.01. Vista ndiyo iliyofika 2.50. Kwa hiyo Windows 2000 yenu inaiona diski, inaona imeandikwa, lakini mpangilio wa jedwali lake ni wa toleo lililotoka baada yake. Haina la kusema zaidi ya "haijafomatiwa". Na tafadhali, ikikuuliza kama iifomati, kataa.

Suluhisho: nakili mafaili yote kutoka kwenye diski kwenda kwenye laptopu, hakikisha yanafunguka, ifute diski, kisha iandike upya kwa chaguo lile la pili, la kicheza CD na DVD. Hapo Windows itaandika ISO 9660, mfumo wa faili wa kawaida wa CD, pamoja na Joliet, nyongeza yake ya majina marefu. Windows 2000 itasoma, 98 itasoma, Linux na Mac zitasoma. Utapoteza uwezo wa kufuta faili mojamoja. Ukitaka kubadilisha kitu, unafuta diski yote na kuandika tena.

Kama ni lazima ubaki na mtindo wa kuburuta, basi wakati wa kufomati bofya kwa kitufe cha kulia kwenye draivu, chagua kufomati, na kwenye orodha ya mifumo ya faili uchukue UDF 1.50. Ila nakushauri ile njia ya kwanza.

---

Sauti_ya_Draivu

Mkuu, hapo naomba kutofautiana na wewe kidogo. Kufuta faili mojamoja ndiyo faida yenyewe ya RW. Ukishasema mtu aandike yote na afute yote, basi bora atumie CD-R. Mimi nimetumia DirectCD na baadaye InCD kwa muda mrefu, unaburuta faili, unahifadhi, unatoa diski. Raha tupu.

---

Mtunza_Kumbukumbu

Hoja yako ni ya haki mkuu, na kwa mtu mwenye kompyuta moja sina ubishi nawe. Uzi huu ni wa diski inayosafiri.

Programu ulizozitaja zinaandika kwa paketi. Kwenye CD-RW paketi moja ina vitalu 32 vya data, yaani kilobaiti 64, na kila paketi inaambatana na vitalu 7 vya kuunganishia ambavyo havibebi data. Ukigawanya 32 kwa 39 unapata asilimia 82. Ndiyo maana CD-RW ya megabaiti 650 ukiifomati hivyo inabaki na kama 530. Hilo linavumilika.

Lisilovumilika ni kwamba UDF 1.50 kwenye CD-RW ina jedwali la vipuri. Kwa kuwa tabaka linachakaa, na maeneo ya majedwali ndiyo yanayoandikwa mara nyingi kuliko yote, paketi ikichoka data yake inahamishiwa paketi ya akiba na uhamisho huo unarekodiwa kwenye jedwali. Kompyuta inayolielewa jedwali inakwenda kusoma penye data. Ile inayojua 1.02 tu haijui kuwa jedwali lipo. Inasoma paketi iliyochoka, inaleta takataka au inakwama. Kwa hiyo diski ileile inaweza kusomeka kote ikiwa mpya, halafu baada ya matumizi ikaanza kukataliwa na kompyuta za zamani pekee, na mwenyewe akalaumu draivu zao.

Ili kuepuka hayo wakubwa wa teknolojia walileta Mount Rainier, ambapo draivu yenyewe ndiyo inayosimamia kasoro na kompyuta inaona diski safi. Wazo zuri sana, naliheshimu mpaka leo. Lakini draivu isiyo ya Mount Rainier inahitaji programu ya ziada ili isome diski hiyo, na Windows ilianza kuikubali yenyewe kwenye Vista tu. Kufikia wakati huo watu walikuwa wamehamia kwenye flashi.

Kuhusu CD-R: anayepeleka vipimo kila juma kutoka mashine A kwenda mashine B hana sababu ya kutupa CD-R kila juma. RW inayofutwa yote na kuandikwa yote inamtosha kwa miaka.

---

Sauti_ya_Draivu

Hilo la jedwali la vipuri sikuwa nalo. Nimekuelewa mkuu, kwa diski ya kusafiri nakubaliana nawe.

---

Pengwini_Mtulivu

Wakuu, niongeze upande wa Linux. Nina DVD-RW niliyoandikia kwenye draivu yangu, hapa inasomeka, kwa jirani mwenye draivu ya kusoma tu inaonekana tupu. `blkid /dev/sr0` inasema iso9660, kwa hiyo si suala la UDF. `dvd+rw-mediainfo /dev/sr0` inatoa hivi:

`Mounted Media: 14h, DVD-RW Sequential`
`Disc status: appendable`

Swali la pili: diski nyingine nilizotengeneza hapa, kwenye Windows majina yanatokea kama BARUA_YA.TXT badala ya jina zima.

---

Mtunza_Kumbukumbu

Umeleta ushahidi, hapo kazi inakuwa nyepesi.

La kwanza jibu liko kwenye neno `appendable`. Diski yako haijafungwa. Draivu inayoandika inafahamu ulipoishia, kwa hiyo inaisoma hata ikiwa wazi. Draivu ya kusoma tu inatafuta lile eneo la mwanzo wa diski linaloandikwa sesheni inapofungwa, na isipolikuta inatangaza kuwa diski ni tupu. CD-RW zina mkasa huohuo: sesheni isiyofungwa imeorodheshwa kwenye eneo ambalo draivu za kuandika tu ndizo zinazolitazama. Na sesheni zikiwa nyingi, draivu za zamani sana zinasoma ya kwanza tu. Hao ndio wale wanaoona mafaili ya zamani na kukosa mapya.

Ifunge hiyo diski, au iandike upya kwa:

`growisofs -dvd-compat -Z /dev/sr0=nakala.iso`

Hilo `-dvd-compat` ndilo linaloifunga. Ukirudia `dvd+rw-mediainfo` unapaswa kuona `Disc status: complete`.

Zingatia na namba ya mwanzo. `14h` ni DVD-RW ya kuandika kwa mfuatano, lazima uifute kabla ya kuiandika upya. `13h` ni DVD-RW iliyofomatiwa, unaandika juu ya yaliyomo. `1Ah` ni DVD+RW, ambayo haifutwi, inaandikwa juu moja kwa moja. Kwenye DVD+RW kuna mtego wake: kufomati kunaendelea chinichini huku wewe ukiandika, na ukitoa diski kabla mchakato haujafungwa inavyotakiwa, draivu za kusoma tu zinaweza kuikataa. Toa diski kwa amri ya programu, usikimbilie kitufe cha trei.

Faida ya DVD+RW ni kwamba draivu nyingi zinaruhusu kubadilisha alama ya aina ya diski, ikajitambulisha kuwa DVD-ROM. Deki korofi nyingi zinakubali hapo. DVD-RW haina nafasi hiyo.

Sasa majina. ISO 9660 tupu, ya mwaka 1988, kwenye kiwango chake cha kwanza inakubali herufi 8, nukta, na 3, zote kubwa, bila nafasi. Majina marefu yanakuja kwa nyongeza: Unix wana Rock Ridge, Microsoft wana Joliet yenye herufi 64. Windows haiangalii Rock Ridge kabisa. Diski yako ina Rock Ridge peke yake, kwa hiyo Windows imeshuka mpaka majina ya msingi. Thibitisha kwa `isoinfo -d -i /dev/sr0`, mwishoni itakwambia Joliet ipo au haipo. Dawa:

`genisoimage -r -J -o nakala.iso folda/`

Tumia `-r` ndogo, usitumie `-R` kubwa. Kubwa inahifadhi mmiliki na ruhusa za faili kama zilivyo kwako. Faili ulilolizuia kwa wengine litazuiwa pia kwenye Linux ya mtu mwingine, naye ataona "ruhusa imekataliwa" akadhani ni diski. Ndogo inafungua usomaji kwa wote.

---

Pengwini_Mtulivu

Nimeifunga, inasema `complete`, na kwa jirani imesoma. Joliet kweli haikuwepo kwenye zile nyingine. Shukrani mkuu.

---

Kiberenge

Na Mac je? Mshikaji wangu kanipa DVD-RW kutoka kwenye Mac, Windows inaniambia niifomati.

---

Mtunza_Kumbukumbu

Usiifomati. Kuna uwezekano imeandikwa kwa HFS+ tupu, mfumo wa faili wa Mac, ambayo Windows haiijui. Mac ikichoma diski kwa njia ya kawaida ya Finder inaandika mseto unaosomeka pande zote mbili. Ila akitumia zana ya diski na kuchoma taswira (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) iliyoundwa kwa ajili ya Mac pekee, unapata hicho ulicho nacho. Mwambie aichome kupitia Finder, au wewe iweke kwenye Linux, ambayo inasoma HFS+. Ukiona mafaili madogo yanayoanza na nukta na mstari wa chini, hayo ni maelezo ya ziada ya Mac, hayana madhara kwako.

Kinyume chake pia kipo: Mac OS X za kabla ya 10.5 hazikuelewa matoleo mapya ya UDF, kwa hiyo ukimwandalia mwenye Mac ya zamani, rudi kwenye ISO 9660 na Joliet.

---

Jicho_la_Faili

Kaka, nimejaribu kunakili mafaili kutoka kwenye ile CD-RW kabla ya kuifuta kama ulivyosema. Mengi yametoka, lakini matatu yanakwama katikati na laptopu inaganda. Moja ni la vipimo ambavyo hatuna kwingine. Nisiifute?

---

Mtunza_Kumbukumbu

Usiifute kabisa dada, na usiandike chochote juu yake. Hata usiifungue kwa kuburuta tena, maana Windows inaweza kuandika kwenye majedwali bila wewe kujua.

Futa vumbi kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kisha tafuta kompyuta yenye Linux, au washa yako kwa Linux ya kwenye flashi, na bila kufungua diski chukua taswira yake nzima:

`ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 nakala.iso nakala.map`

Hilo 2048 ni ukubwa wa sekta moja kwa baiti. Amri hii inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka pagumu, badala ya kugandia sehemu moja mpaka draivu ichoke. Ikimaliza, rudia bila `-n` ili irudi kwenye pagumu. Lile faili la `nakala.map` linakumbuka palipokwisha somwa, na hapo ndipo siri ilipo: unaweza kupeleka diski kwenye draivu nyingine, ukaendelea na faili lilelile, nayo itajaribu mapengo tu. Draivu hazifanani kwa usomaji wa mwanga hafifu. Sekta inayoshindikana kwenye ya laptopu inaweza kusomeka kwenye draivu kubwa ya mezani, hasa ile iliyoandika diski yenyewe.

Ukishapata taswira, fanya kazi kwenye taswira. Diski iweke pembeni penye ubaridi, mbali na jua, kwa sababu joto linaharakisha zile sehemu zilizoganda ovyo kurudi kuwa fuwele, na zikirudi data imepotea. Leta matokeo hapa, hasa ule mstari wa ddrescue unaoonyesha asilimia iliyookolewa.

---

Jicho_la_Faili

Nimefanya. Ya laptopu imefika 99.2%, nikahamishia diski kwenye kompyuta ya mezani iliyoko stoo na kuendelea na map ileile. Imefika 100%. Faili la vipimo limefunguka. Mungu akubariki kaka.

---

Mtunza_Kumbukumbu

Amina dada, nimefurahi sana. Sasa hiyo CD-RW istaafishe, paketi zake zimechoka. Chukua mpya, iandike kwa ISO 9660 na Joliet kwa kasi ya chini, kisha kabla hujaipeleka ofisini linganisha mafaili ya kwenye diski na ya kwenye laptopu. Ikikataliwa na ile Windows 2000, rudi hapa na picha ya nembo iliyo kwenye mlango wa draivu yake tuitazame.